Unataka kwenda kuokoa watu? Muulize kwanza nesi aliyerudi

Ujumbe wenyewe huingia kwa WhatsApp usiku. Umesambazwa mara nyingi hata haujulikani ulianzia kwa nani: wanahitajika wauguzi kumi wa kujitolea, gari linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri, njoo na glavu zako, Mungu awabariki. Wewe umetoka shifti, miguu inawaka moto, uko kwenye stage ya James Gichuru ukingoja matatu. Unausoma mara ya kwanza, unausoma tena. Niende ama nisiende?

Usiseme wewe si nesi, kwa hivyo haya hayakuhusu. Huenda unaishi na mmoja. Huenda ni dadako aliye KMTC, au yule msichana wa nyumba ya chini anayetoka na sare yake saa kumi na mbili asubuhi. Na siku maafa yakikufikia wewe mwenyewe, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu wa kwanza kukuwekea dripu atakuwa kijana wa rika lako aliyepata ujumbe kama huo na akaamua kupanda gari. Ungependa awe anajua anachofanya, ama sivyo?

Jirani yangu hapa Muthangari alipanda gari. Anaishi kwenye SQ, nyuma ya nyumba kubwa ya wenyewe, jinsi vijana wengi wanaofanya kazi mitaa hii wanavyoishi: anwani ya Lavington, mshahara wa Kangemi. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata mradi nisimtaje jina, wala hospitali aliyokuwa akifanyia kazi, wala kambi aliyokwenda.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini. Mathare ilizama usiku wa kuamkia Aprili 24. Alfajiri ya Aprili 29 maji yalisomba kijiji cha Kamuchiri, kule Mai Mahiu, na zaidi ya watu 45 wakafa, wengi wakiwa vitandani. Siku hiyo hiyo ndiyo shule zilipaswa kufunguliwa kwa muhula wa pili. Hazikufunguliwa hadi Mei 13, maana kuna madarasa yaliyokuwa yamejaa maji na mengine yamejaa watu waliokosa makao.

Na kuna jambo ambalo tumelisahau upesi mno. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo wakati huo. Mgomo wa chama chao, KMPDU, ulianza katikati ya Machi ukaisha Mei 8, siku 56. Matabibu, wale maafisa wa kliniki, nao walikuwa wamegoma tangu mwanzo wa Aprili. Kwa hivyo mafuriko yalipokuja, aliyebaki na stetoskopu shingoni, mara nyingi, alikuwa nesi.

Jirani yangu alijaza begi vitu ambavyo ungejaza wewe ukiwa umetazama filamu nyingi: bendeji, glavu boksi mbili, mikanda ya kuzuia damu, mkasi. Alitarajia mifupa iliyovunjika. Alipofika, siku tatu zilikuwa zimepita tangu maji yaingie, na waliokuwa na mifupa iliyovunjika walikuwa wamepelekwa hospitalini zamani. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa nyanya aliyepoteza dawa za presha. Dawa gani? Kile kidonge kidogo cheupe. Kiasi gani? Kimoja asubuhi. Sasa wewe unayesoma hii, kama una mafunzo ya uuguzi, unajua vidonge vidogo vyeupe vya presha viko vingapi.

Baada ya nyanya akaja kijana aliyetaka kuongea naye pembeni, mbali na watu. ARV zake zilikuwa zimeenda na maji na hakutaka mtu yeyote wa kijiji chake ajue. Akaja mama mjamzito wa miezi minane ambaye kijitabu chake cha kliniki kilikuwa matopeni, hajui kundi lake la damu. Akaja mzee wa kisukari anayetumia insulini, na insulini inataka baridi, na kambi haikuwa hata na stima ya kuchaji simu. Watoto wenye upele, kikohozi, kuhara. Zile bendeji alitumia mbili. Nyingine alirudi nazo.

Hapa ndipo nesi wengi wa kujitolea hushtuka, na haishangazi. Tunapofikiria maafa tunafikiria damu. Lakini damu ni ya saa za kwanza. Kwenye mafuriko, waliozama wamezama na walioumia wanaondolewa ndani ya siku mbili tatu. Kinachofuata ni kile ambacho nesi wa jamii hukutana nacho kila siku, isipokuwa sasa kimekuja chote kwa wakati mmoja na bila duka la dawa: kuhara, vidonda vilivyoingia uchafu, hatari ya pepopunda, malaria maji yanapotulia, na magonjwa ya kudumu ambayo hayakungoja mvua ipite. Kipindupindu pia. Baada ya mvua hizo za 2024 kiliripotiwa Tana River.

Viwango vya kimataifa vya misaada, vile vinavyoitwa Sphere, vinasema mtu aliye kambini anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, na kwamba siku za mwanzo choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 50, halafu idadi hiyo ishuke hadi 20. Unaweza kuona hesabu za vyoo ni kazi ya mtu mwingine. Jirani yangu naye aliona hivyo, mpaka siku ya tatu alipojikuta akibishana na wazee kuhusu mahali pa kuchimba, maana watoto aliowapa maji ya chumvi na sukari asubuhi walikuwa wanarudi jioni wakiwa wanahara vile vile.

Usiku wa tatu akaja mwanamke ambaye hakusema anaumwa wapi. Alikaa tu. Nesi akakaa naye. Baadaye akasema kilichomtokea gizani njiani kwenda chooni. Kwa kisa kama hicho saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinafaa zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Jirani yangu alizijua saa hizo kwa kichwa, alizifanyia mtihani. Asichojua ni kituo gani cha afya kilichokuwa karibu bado kiko wazi, barabara ipi haijakatika, na nani ana gari. Alimfikisha. Lakini anasema usiku ule ndio aliogundua kwamba alikuja na ujuzi bila ramani, na tangu hapo hilo halijamtoka.

Sawa. Tuseme wewe ungefika saa za kwanza kabisa, wakati wa damu. Uko tayari?

Wodini umefundishwa kumpigania mgonjwa mmoja kwa nguvu zako zote. Kwenye maafa makubwa sheria inageuka. Kuna njia inayoitwa START, ilitungwa California miaka ya 1980, na inakupa muda usiofika dakika moja kwa kila mtu. Anayeweza kutembea, kijani, aende kando. Asiyepumua, mfungulie njia ya hewa, bado hapumui? Nyeusi, nenda kwa anayefuata. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au damu hairudi kwenye ukucha haraka, au hawezi kufuata amri rahisi kama finya mkono wangu? Nyekundu. Waliobaki ni manjano. Kuisoma kwenye simu ukiwa kitandani ni dakika mbili. Kumfunga mtoto kitambaa cheusi na kuondoka huku mamake anakuvuta shati, hilo hakuna slaidi ya darasani inayolifundisha. Ndiyo maana mazoezi ya kuigiza, hata yale ya kupakana rangi nyekundu uwanjani na kucheka, yana maana kuliko tunavyoyapa.

Nairobi yetu hii inajua. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, watu 213 waliuawa hapa jijini na maelfu wakajeruhiwa, wengi macho yakiwa yamejaa vioo, kwa sababu waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza walikimbilia madirishani kuchungulia. Wasamaria wema waliwabeba kwa matatu, kwa pikapu, kwa mikono. Nia ilikuwa safi. Lakini gari lililopata mtu lilikimbia naye moja kwa moja hadi Hospitali ya Kenyatta, aliye mahututi na aliyekwaruzwa wakafika mlango mmoja, saa moja.

Miaka 15 baadaye, Septemba 21, 2013, ikawa Westgate, mwendo mfupi kutoka hapa Muthangari. Watu 67 wakafa. Safari hii kulikuwa na kituo cha huduma ya kwanza na misaada katika ukumbi wa Oshwal, hospitali za MP Shah na Aga Khan zikapokea majeruhi, na foleni za kutoa damu zikawa ndefu. Halafu Januari 15, 2019, DusitD2 pale Riverside Drive, watu 21. Wengi waliofuatilia walisema uratibu ulikuwa bora kuliko Westgate. Ninakubaliana nao. Ila tazama bei ya masomo hayo: darasa moja kila baada ya miaka kadhaa, na karo yake ni maisha ya watu.

Na ikiwa una miaka ishirini na kitu, kuna maafa mengine ambayo hukuhadithiwa, ulikuwepo. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, madaktari na wauguzi wa kujitolea walifungua vituo vya matibabu katikati ya jiji, kimojawapo kwenye Msikiti wa Jamia. Wengi wao walikuwa vijana, wengine wakiwa bado wanafunzi au wanagenzi. Tarehe 25 Msalaba Mwekundu ulisema magari yake yameshambuliwa na wafanyakazi wake wakajeruhiwa. Kufikia Julai 1, Tume ya Haki za Kibinadamu ya KNCHR ilikuwa imehesabu vifo 39 nchini. Hapa hakukuwa na mto uliofurika, lakini kazi ilikuwa ile ile: kuzuia damu, kusafisha macho yenye moshi, kuamua nani apande ambulensi ya kwanza. Na hatari ilikuwa ile ile pia, kwamba anayetibu anaweza kugeuka mgonjwa.

Nani alikuwa amewakatia bima? Swali hilo ni gumu na linaudhi, lakini wewe liulize kabla hujapanda gari lolote. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA ya 2007, imeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa anayelipwa. Ukienda kivyako na jiwe likuangukie, wewe si mwajiriwa wa mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inakupa likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka. Haikupi siku za kwenda kuokoa watu. Jirani yangu alimpigia bosi wake akiwa tayari njiani. Aliporudi baada ya siku nne alikuta barua ya kujieleza kwa nini alikosa kazini. Hospitali ilikuwa na wagonjwa wake, na kusema kweli ilikuwa na haki ya kuuliza. Aliandika kurasa mbili, akaonywa, akaendelea na kazi. Mwenzake wa kambi ile, aliyekuwa kwa kandarasi ya mwezi kwa mwezi, hakurudishwa.

Halafu kuna leseni. Kambini siku ya pili mtu alimwuliza: wewe umetumwa na nani, na nitajuaje kwamba wewe ni nesi? Alikasirika. Amekuja usiku kucha, halafu anaulizwa kitambulisho! Lakini fikiria upande wa pili. Hapo ndipo matapeli huingia, na ndipo mwanafunzi wa mwaka wa pili huanza kuchoma watu sindano kwa sababu hakuna anayemjua. Baraza la Wauguzi husajili na kutoa leseni kwa sababu, na mgonjwa wa kambini ana haki ile ile ya kuhudumiwa na mtu aliyehitimu kama mgonjwa wa Lavington. Kama bado unasoma, zipo kazi nyingi unazoweza kufanya bila kuvuka mipaka yako: kuandikisha watu, kupima joto na presha ukiwa na msimamizi, kufundisha unawaji mikono, kukaa na watoto. Si kazi ndogo hizo.

Nimesikia hoja kwamba Mary Seacole, yule mwanamke wa Jamaika, alikataliwa alipoomba kwenda kuwauguza wanajeshi wa vita vya Crimea miaka ya 1850, akajilipia nauli akaenda, na leo anasifiwa. Ni kweli. Lakini Seacole alikuwa ametibu kipindupindu Jamaika na Panama kabla ya kuondoka, na alijua kujilisha, kujilaza na kuwalisha wengine. Wewe unayekuja na begi la bendeji na chupa moja ya maji, saa nane mchana utakuwa kwenye foleni ya githeri pamoja na waathiriwa. Jirani yangu alikula chakula chao kwa siku mbili. Anasema ndicho chakula kilichomkaba kooni kuliko vyote alivyowahi kula.

Kuna na hili la mwili wako mwenyewe ambalo mtoto wa Nairobi hulipuuza. Umekulia mwinuko wa baridi ambako malaria ni nadra. Ukiteremka Tana River au Budalang'i wakati wa mafuriko, kinga huna. Mbu wa huko atakuchukua kama mgeni. Chanjo ya pepopunda uliipata lini? Homa ya ini aina ya B, ulimaliza dozi zote tatu ama uliachia ya pili? Na kama ndoto yako ni kuvuka mpaka, cheti cha homa ya manjano utaulizwa mapema kuliko diploma.

Maana wapo wanaovuka. Ebola ilipoua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, Umoja wa Afrika ulipeleka wahudumu zaidi ya 800, wakiwemo Wakenya waliokwenda Liberia na Sierra Leone. Katika mlipuko huo wahudumu wa afya zaidi ya 500 walikufa. Anayekwenda huko hufundishwa kuvaa mavazi ya kujikinga, halafu hufundishwa kwa muda mrefu zaidi kuyavua, kwa sababu wakati wa kuvua, ukiwa umechoka, umelowa jasho na unataka tu hewa, ndipo mkono hugusa uso. Wakenya waliokwenda kivyao hawakuwepo kwenye orodha hiyo. Mlipuko kama huo haumpokei asiyetumwa.

Mashariki ya Congo, 2018 hadi 2020, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200, na Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Cameroon aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo. Nesi wa Nairobi angekuwa na faida moja kubwa huko: Kiswahili. Lakini hata hicho kingemtega. Kiswahili cha Goma na Butembo kina Kifaransa ndani yake na maneno ambayo kwako yana maana nyingine, na mahali ambapo watu wanaamini ugonjwa umeletwa na wageni, jinsi unavyosalimia ni sehemu ya matibabu.

Wakati mwingine hata huhitaji kwenda popote. Januari 2025 Uganda ilipotangaza Ebola jijini Kampala, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa kufa alikuwa nesi wa kiume wa miaka 32 wa Hospitali ya Mulago.

Sasa wacha niseme kinachoniudhi. Kila mara maafa yanapotokea, viongozi husimama mbele ya kamera na kusifu moyo wa kujitolea wa vijana. Kisha? Wakati wa Covid serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa kandarasi za mpango wa UHC. Desemba 2020 wauguzi waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima, mwezi ambao daktari kijana wa miaka 28 alikufa kwa Covid akiwa hajalipwa mishahara ya miezi kadhaa. Mwaka wa 2025, miaka mitano baadaye, wale wa UHC walikuwa bado wamepiga kambi nje ya Afya House wakiomba ajira ya kudumu. Hii ndiyo sababu mimi hukunja uso nikisikia kijana aliyehitimu uuguzi, hana kazi, akisema anakwenda kujitolea ili aonekane. Anaonekana, ndiyo. Anapigwa picha. Kujitolea ni jambo jema, lakini nchi isiufanye moyo wako kuwa bajeti yake ya dharura.

Na muundo wenyewe wa kushughulikia maafa unachanganya. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia majanga, NDOC, kiliundwa Januari 1998 baada ya mvua za El Nino. Kuna NDMU. Kuna NDMA ya ukame. Kuna kaunti. Kwa miaka mingi miswada ya kuviweka vyote hivi chini ya sheria moja imekuwa ikiingia na kutoka Bungeni kama abiria aliyekosa nauli. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi nesi atafikaje huko.

Wengine walijifunza. Mtetemeko wa Kobe, Japani, uliua zaidi ya watu 6,400 mwaka wa 1995, na watu wa kujitolea walimiminika bila mpangilio. Wajapani waliunda vikosi maalumu vya matibabu ya maafa mwaka wa 2005, na chama chao cha wauguzi kina orodha ya manesi waliofunzwa ambao huitwa kwa zamu. Marekani, baada ya Septemba 11, ilianzisha mwaka wa 2002 kikosi cha akiba cha matibabu ambapo leseni yako inakaguliwa ukiwa nyumbani unakunywa chai, kabla jengo halijaanguka. Hakuna uchawi hapo. Ni orodha, mazoezi mawili matatu kwa mwaka, bima, na barua kwa mwajiri. Nairobi ina Baraza la Wauguzi lenye majina ya wauguzi wote. Kuongeza kisanduku kimoja kwenye fomu, kinachouliza kama uko tayari kuitwa na umefunzwa nini, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Wakati tunangoja kisanduku hicho, mlango ulio wazi ni ule wa mashirika yaliyopo. Msalaba Mwekundu, ulioundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965, una matawi na vikosi vya vijana vinavyofunzwa na kutumwa kwa mpangilio. Makao yake makuu ni South C na namba ya dharura ni 1199. St John Ambulance nao hufunza huduma ya kwanza pale katikati ya jiji. Jiunge wakati jua linawaka. Utaona inachosha: mikutano ya Jumamosi, fomu, kurudia somo lile lile la kufunga bendeji. Lakini siku ya siku jina lako liko mahali, kuna anayejua uko wapi, na kuna gari la kukurudisha.

La kurudi ndilo watu hulisahau zaidi. Nesi wetu alirudi Muthangari Jumapili jioni, Jumatatu akaingia shifti. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wagonjwa wake wa wodini walilalamika kwamba chai imepoa, na akajikuta anataka kuwapigia kelele. Kwa wiki kadhaa mvua ikipiga mabati ya SQ usiku alikuwa anaamka na kukaa kitandani akihesabu. Kambini yeye ndiye aliyewafanyia wengine huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ile ya kuangalia, kusikiliza na kuunganisha mtu na msaada. Yeye hakuna aliyemwangalia. Mwishowe aliyemsikiliza alikuwa mwenzake mmoja aliyewahi kufanya kazi Malindi wakati miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa Shakahola. Walikutana mara tatu kwenye kibanda cha chai, hapo Kawangware. Anasema hakumpa ushauri wowote, alimuuliza tu maswali ya mtu anayejua.

Mwezi wa Novemba 2025, maporomoko ya udongo yalipoua watu zaidi ya 20 kule Chesongoch, Elgeyo Marakwet, na majeruhi wakapelekwa Eldoret kwa ndege, nilimuuliza kama ameona ujumbe wa WhatsApp. Alikuwa ameuona. Hakwenda. Alisema hajui Kimarakwet, barabara imekatika, na Eldoret ina wauguzi. Akampigia kiongozi wa tawi lake la kujitolea kusema yuko tayari kushika shifti ya mwenzake atakayetumwa. Alishika mbili.

Nyuma ya mlango wake pana begi. Nilimwomba anifungulie. Gambuti, tochi ya kichwani, betri ya kuchajia simu, chandarua, chakula cha siku tatu, nakala ya leseni kwenye mfuko wa plastiki, na karatasi yenye majina ya dawa za presha kumi zinazotumika sana, kila jina likiwa na picha ya kidonge chake pembeni. Bendeji ziko mbili.